Baiskeli za Mama Mkwe

Walimpiga mchana kweupe, nyuma ya baa, pale yanaporundikwa makreti ya chupa tupu. Walikuwa ndugu watatu, wapakiaji wa saruji, wenye mabega mapana kama milango na vumbi la kijivu lililogandia nyusini. Hawakumsalimu wala kumtukana. Mkubwa wao alimpiga kichwa cha pua, wa kati akamchapa bomba la chuma nyuma ya miguu, na alipokwenda chini wakamtwanga kama mahindi. Bomba liliposhuka gotini mara ya kwanza alisikia mlio kabla ya maumivu, mlio mkavu, kama mtu amevunja ukuni. Liliposhuka tena hakusikia mlio wowote. Alisikia maumivu tu, na maumivu yale yalikuwa meupe, yakamjaa macho yote mawili.

Katikati ya kipigo ikaja sauti nyingine, nyembamba, kutoka karibu na geti. "Basi, kaka. Inatosha. Basi."

Bomba likashuka tena.

Mtaa mzima ulimwita Nondo. Alikuwa mlinzi wa mlangoni pale baa, kazi yake kuwatoa walevi, na jina hilo alipewa kwa sababu mkono wake ukikupata unadhani umegongwa na chuma. Wala siku ile hakuonewa. Muda si mrefu kabla yake alikuwa amemtoa mkubwa wa ndugu wale, na badala ya kumtoa mlangoni alimtoa ngazini, kichwa chini miguu juu. Mtu yule alizinduka akiwa na jicho moja. Nondo alipopewa habari alicheka, akasema jicho moja linatosha kuona njia ya kwenda nyumbani. Maneno ya baa yana miguu, na haya yalifika yalikokuwa yakienda.

Hospitali walimtia vyuma gotini, vingine ndani ya mfupa, vingine vikitokeza nje ya ngozi kama misumari ya fundi aliyekatishwa kazi. Mtaa ukapata mzaha: Nondo katiwa nondo. Mkewe hakucheka. Alikuwa mwoka mikate, anaondoka kabla hakujapambazuka na kurudi mchana akinuka hamira, na chumba chao kilikuwa ghorofa ya tatu, ngazi nyembamba zisizo na mahali pa kushika.

"Nitakupandisha na nini?" alimwuliza. "Kamba? Utakwenda kwa mama."

"Kwa mama yako?"

"Mama yako wewe alishafariki. Amebaki wa kwangu."

Basi akapelekwa kwa mama mkwe wake, akalazwa kwenye kochi refu la sebuleni, mguu juu ya mito miwili. Mwanamume mzima, shingo kama gogo, kalala na kaptula mbele ya mkwe wake, anasubiri kuletewa beseni la kunawia. Aibu ilimuuma kuliko goti.

Mama mkwe alikuwa mjane, fundi cherehani, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Cherehani yake ilikaa hapo hapo sebuleni, chini ya dirisha, na mbele ya cherehani palikuwa na televisheni. Siku ya kwanza, baada ya chakula cha mchana, aliiwasha, akapunguza sauti, akaanza kushona. Kwenye kioo wakatokea watu waliovaa nguo za kubana za rangirangi, wanaendesha baiskeli katikati ya mashamba. Nondo alingoja waishe. Hawakuisha. Alisinzia, akaamka, wapo. Mashamba yamebadilika, wao wapo vile vile.

"Mama, samahani," alisema. "Hakuna chaneli ya ndondi?"

"Ipo."

"Tunaweza kuiweka?"

"Tunaweza. Kwako, ghorofa ya tatu." Akakata uzi kwa meno. "Hapa saa hizi ni baiskeli, baba. Wiki tatu. Ukichoka, geukia ukuta."

Aligeukia ukuta, lakini vyuma havikumruhusu kukaa hivyo, ikabidi ageuke tena. Akawatazama kwa chuki. Watu wanakimbia mchana kutwa, hakuna goli, hakuna raundi, na watatu walioko mbele peke yao, wanaowatangulia wenzao kwa dakika nzima, mama mkwe anasema hao hawatashinda.

"Mbona wako mbele?"

"Hao watoro tu. Wameachiwa. Kundi likitaka kuwameza litawameza."

Na kweli, jioni ilipokaribia, kundi liliwameza wale watatu kama kuku anavyookota punje. Nondo akaona ni mchezo wa kijinga kuliko yote duniani.

Kilichomkalisha kitako ilikuwa damu. Siku ya tatu au ya nne ilinyesha kule kwenye baiskeli, barabara ya mji ikang'aa kama sakafu iliyomwagiwa mafuta. Kundi liliingia kona kwa kasi. Mmoja akateleza, gurudumu lake likamkata aliyemfuata, na papo hapo wote wakaanguka, mmoja juu ya mwingine, baiskeli zinaruka, mtu kagonga uzio wa chuma kwa uso, mwingine anaburuzwa kwa mgongo hadi ukingoni na jezi inachanika kama karatasi. Nondo alipiga yowe la furaha. "Eeeh! Sasa huu ndio mchezo! Rudieni! Rudieni tuone!"

Wakarudia, polepole. Akaliona paja la mtu likimenyeka kama nyanya iliyotiwa maji ya moto. Akacheka mpaka goti likamuuma.

Cherehani ilikuwa imenyamaza. Mama mkwe alimtazama juu ya miwani.

"Umefurahi?"

"Mama, hii..."

"Mwangalie yule wa jezi nyeupe. Pale chini."

Mtu wa jezi nyeupe alikuwa amekaa barabarani, mkono wake wa kushoto umening'inia vibaya, bega limeshuka chini kuliko linavyopaswa. Nondo alijua maana yake. Alikwishavunja mifupa ya namna ile. Mtu akivunjika hapo, hata kupumua kunauma. Yule mtu akainuka. Akashika baiskeli kwa mkono mmoja, akarudisha mnyororo, akapanda, akaenda zake huku damu inamchuruzika kiwikoni.

"Anakwenda wapi?" Nondo aliuliza.

"Kumaliza."

"Atashinda?"

"Huyo? Hajashinda tangu azaliwe. Kazi yake kuwabebea wenzake chupa za maji na kumkinga kiongozi wao upepo."

"Sasa anamaliza nini?"

"Kama unangoja waanguke," mama mkwe alisema, "utaona kuanguka tu. Kaa utazame na mengine."

Tangu siku ile mtu wa jezi nyeupe walimwita Bega. Kesho yake alitokea amefungwa bandeji chini ya jezi, anabeba chupa kama kawaida, uso umemvimba. Nondo alimtafuta kundini kabla hata ya kunywa chai. Na kwa kuwa alikuwa anamtafuta, ilibidi aelewe kundi lenyewe, na mama mkwe akamfundisha kwa pini. Alizichomeka kwenye kipande cha kitambaa, moja mbele, nyingi nyuma. Huyu wa mbele anakula upepo. Hawa wa nyuma wamelala mgongoni mwake, wanapumzika. Akichoka anashuka pembeni, mwingine anakula upepo. Usiyekuwa na wenzako utaula peke yako, na mlima ukifika huna kitu.

"Ulijifunzia wapi haya, Mama?"

"Hapa hapa. Nilitaka kitu kirefu kiniongeleshe nikishona. Siku moja nikagundua sindano imesimama tangu adhuhuri na kitambaa cha watu sijakigusa."

Kilichobaki Nondo alijifundisha mwenyewe, maana kilikuwa kazi yake. Miaka yote mlangoni alikuwa akisoma watu: nani kalewa lakini hana ubaya, nani ametulia lakini anakuja na chupa nyuma ya mgongo, nani atakwenda chini kwa ngumi moja. Barabara ilipopanda, kamera ikakaribia nyuso, akawasoma vile vile.

"Huyu wa kijani kaisha," alisema siku moja.

"Wa kijani? Ndiye mwenye nguvu kuliko wote!"

"Mtazame shingo, Mama. Anaitafuta hewa kwa shingo. Na yule mwembamba nyuma yake anamwona. Sasa hivi atampiga."

Hawajamaliza kusema, yule mwembamba akasimama juu ya pedali, akachomoka. Wa kijani akajaribu kumfuata, akainama, akabaki pale pale kama gari lililoisha mafuta. Mama mkwe alipiga makofi. Nondo alihisi joto kifuani ambalo hakuwahi kulipata kwa jambo asilolifanya kwa mikono.

"Hawa wanapigana," alisema taratibu. "Kumbe siku zote wanapigana."

"Tangu asubuhi."

"Hata hawagusani."

Mkewe alipopita mchana kuwaletea mkate aliwakuta wote wawili wameinama kuelekea kioo, wanamtukana mtu wa jezi nyekundu aliyekataa kula upepo zamu yake. Alisimama mlangoni akawatazama, akaondoka bila kuwakatisha. Usiku alimwambia mumewe kwa simu kuwa tangu waoane hajamsikia akiongea na mama yake zaidi ya shikamoo.

Nondo hakumwambia mkewe jambo moja. Rafiki yake wa kazini, mlinzi mwenzake waliyemwita Kifaru, alikuwa akimtumia ujumbe kila siku: tunawatafuta. Na kila siku Nondo alikuwa akijibu: wakipatikana, msiwaguse, ni wangu. Alipokuwa anamtazama Bega akipanda kilima, alikuwa pia anapanga ni goti lipi la mkubwa wao ataanza nalo. Mambo haya mawili yalikaa kichwani mwake bila kusukumana.

Ikafika siku ya mlima mkubwa. Mama mkwe aliisubiri tangu mbio zianze. Alifunga cherehani kwa kitambaa, akachemsha chai ya birika zima, akavaa hata khanga safi. Walikuwa wanaingia kwenye mpando wa mwisho, Bega yuko mbele kabisa anamkinga kiongozi wake, mdomo umefumbwa, jasho linadondoka kwenye usukani. Mlango ukagongwa. Alikuwa Kifaru. Hakuingia. Alimwita Nondo kwa jicho.

"Tumempata mmoja," alinong'ona. "Yuko stoo ya baridi. Bosi anakusubiri. Gari iko nje."

Nondo alichukua magongo yake.

"Nakuja sasa hivi, Mama."

"Leo?" mama mkwe alisema. "Leo ni mlima!"

"Nitarudi kabla hawajafika kileleni."

Mama mkwe alimtazama Kifaru, akamtazama mkwewe, akaona jinsi kila mmoja anavyokwepa macho yake. "Mtu anayekwenda kwenye heri anaaga akiwa ameinua uso," alisema. Nondo alijipachika magongo kwapani. Alitoka.

Stoo ya baridi ya baa ilikuwa chumba kisicho na dirisha, kuta za bati, mlango mzito wa komeo la nje na la ndani. Ndani kulinuka pombe iliyochacha. Mtu alikuwa amekalishwa juu ya kreti, mikono imefungwa kwa waya kwenye bomba la ukutani, kichwani amevikwa gunia la saruji lililovutwa hadi mabegani. Waya ulikuwa umeshaingia kwenye nyama. Vidole vilikuwa vyeusi. Bosi, mwenye baa, mtu mnene aliyependa kuongea kwa upole, alikuwa amesimama karibu na taa.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Pole kwa kukusumbua na mguu wako. Kifaru, mpe."

Kifaru akampa bomba. Lilikuwa baridi na zito, lenye uzito ule ule aliouota usiku mwingi. Nondo aliegemea gongo moja, akapima umbali. Hakuuliza ni yupi kati ya watatu. Alikuwa amengoja mno kuuliza.

Alipiga mara moja, kwa nguvu zote za bega, na goti la yule mtu likavunjika.

Mtu alipiga ukelele hadi bati likaitika. Kreti ikapinduka, akaning'inia kwa waya, mguu umepinda upande usiopindia. Nondo akainua bomba tena. Na kutoka ndani ya gunia, katikati ya kukohoa na kulia, ikatoka sauti nyembamba: "Basi, kaka. Inatosha. Basi."

Bomba lilikaa hewani. Nondo aliisikia sauti ile kama mtu anayesikia jina lake likiitwa sokoni. Akahamishia bomba kwenye mkono ulioshika gongo, akavuta gunia. Alikuwa mdogo wao, mdomo umepasuka, meno ya mbele hayapo, macho yanarukaruka yakitafuta mtu wa kumwomba.

"Siyo huyu," Nondo alisema.

"Damu moja hao," Bosi alisema.

"Huyu hakunipiga. Huyu aliwaambia waache. Nilimsikia."

"Vizuri, ulimsikia. Sasa na yeye ametusikia. Ametuona sura." Bosi alitikisa kichwa kwa huruma, kama daktari. "Unadhani tutamwitia teksi? Kama wewe umechoka, kaa pembeni. Kifaru atamalizia, na jioni tutamtoa pamoja na makreti."

Kifaru alikuwa rafiki yake. Walikuwa wamesimama mlango mmoja miaka mingi, wamekingiana chupa za walevi kwa migongo yao, wamebebana kwenda kushonwa. Kifaru alinyoosha mkono apewe bomba. Nondo alimpa, lakini alimpa kwa ncha, tumboni.

Kilichofuata hakikuwa ndondi. Kifaru alirudi kama jina lake, akamkumba Nondo ukutani, magongo yakaruka. Nondo alimng'ata sikio akalishikilia kwa meno mpaka likanyofoka. Waliangukia makreti, chupa zikapasuka chini yao, wakawa wanabingirika juu ya vigae, kila mmoja anamtafuta mwenzake koo. Kifaru alilijua goti. Alilishika lile goti lenye vyuma kwa mikono miwili akalisokota, kama mtu anayekamua nguo, na chuma kimoja kikatoka kwa upande mwingine wa ngozi. Nondo alipiga ukelele ambao hakujua kama ni wake. Bosi alikuwa amekwisha kuokota bomba. Lilimpata Nondo mbavuni, likampata tena mgongoni. Nondo aliokota shingo ya chupa akamchoma nayo Bosi mguuni, juu ya kiatu, akaisukuma mpaka ikavunjikia ndani. Mtu yule mpole akalia kama mtoto.

Nondo alitambaa. Mguu wake ulimfuata nyuma kama kitu cha mtu mwingine. Alifika mlangoni, akainuka kwa kiwiko, akafungua komeo la ndani, na mlango haukufunguka, maana la nje nalo lilikuwa limejiangukia lenyewe mlango ulipofungwa. Akaanza kupiga bati kwa gongo lililovunjika. Alipiga na kupiga, huku nyuma Kifaru anamvuta kwa kifundo, naye anampiga mateke kwa mguu mmoja uliobaki.

Mfagiaji wa baa, mama mmoja aliyekuja kutafuta ndoo yake, ndiye aliyefungua. Aliona alichokiona, akatupa ndoo, akapiga mayowe yaliyokusanya mtaa mzima.

Bosi alikamatwa kabla hajafika kwenye gari, kiatu kimejaa damu. Kifaru hakukimbia. Polisi walimkuta amekaa juu ya kreti, ameshika upande wa kichwa, analia, anasema, "Rafiki yangu, sikio langu." Yule mdogo walimkata waya, wakambeba kwa mlango waliong'oa. Nondo alikuwa bado na fahamu. Askari alipouliza nani amemvunja kijana goti, alisema, "Mimi. Hayo mengine waulizeni hao, goti ni mimi." Ndipo akazimia.

Mguu wake ulikatwa juu ya goti. Baadaye mahakama ilimpa kifungo, kifupi kuliko cha Bosi na Kifaru, na akakitumikia chote. Lakini siku zile za mwanzo alikuwa bado hospitalini, wodi ya wanaume waliovunjika, mkono mmoja umefungwa pingu kwenye kitanda na askari kakaa kwenye kiti karibu naye. Wodi ilikuwa hiyo moja tu. Kwa hiyo vitanda vitano kutoka kwake alilazwa yule mdogo, mguu umening'inizwa kwa kamba, na pembeni yake alikaa kaka mkubwa mwenye jicho moja. Kutwa kucha jicho lile lilikuwa kwa Nondo.

Mkewe alikuja na unga wa mikate bado uko kwenye nywele. Alikaa, akatazama pale shuka ilipokuwa bapa.

"Ulikuwa kwa mama yangu," alisema. "Ulikuwa salama. Umelala kochini, unakunywa chai, unatazama baiskeli."

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingetoka." Akageuza uso dirishani, lakini hakuondoka.

Mama mkwe alikuja nyuma yake na mfuko wa kushonea. Aliuliza kama ameoga, kama amekula, akavuta kiti. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, fundi wa mabomba aliyeanguka kutoka juu ya paa, alikuwa amesikia matokeo redioni tangu jana yake, akafungua mdomo: "Aa, ile mbio ya mlima? Alishinda yule..."

"Usiniambie!" Nondo alipiga kelele mpaka pingu zikalia. "Ndugu yangu, nakuomba. Usiniambie."

"Mimi ndiye nitakayemwambia," mama mkwe alisema. "Na nitamwambia kwa mpangilio." Akatoa kitambaa, akaanza kukipinda upindo. "Ulitoka wakiwa chini kabisa. Bega yuko mbele. Haya."

Hakufika mbali. Kaka mwenye jicho moja alikuwa amesimama, amekuja hadi miguuni pa kitanda. Askari akashika rungu. Mkewe Nondo akainuka.

"Ulimvunja mguu mdogo wangu," yule kaka alisema.

"Ndiyo," Nondo alisema.

"Halafu ukamtoa mle ndani."

"Ndiyo."

"Mimi nilikuvunja wewe. Wewe ulinitoa jicho." Mikono yake mipana ilikuwa ikifumba na kufumbua. "Nimekaa pale siku mbili nafikiri nikufanye nini. Sijapata."

Mama mkwe aliinua miwani yake. "Baba," alisema, "ukiwa unafikiri, fikiri ukiwa umekaa. Umeniziba mwanga, na hapa tuko chini ya mlima."

Kutoka kitanda cha tano ikaja sauti nyembamba: "Ongeza sauti kidogo, mama. Huku hatusikii."

Kaka mkubwa alimgeukia mdogo wake kama mtu aliyepigwa kofi. Kisha akarudi taratibu akakaa pale alipokuwa. Mama mkwe akaongeza sauti.

Akawapandisha mlima wote. Aliwaeleza jinsi Bega alivyokula upepo kwa bega lililovunjika, kilomita baada ya kilomita, wengine wanadondoka nyuma yake mmoja mmoja kama vifungo vya shati bovu. Aliwaeleza yule mwembamba alipochomoka na kiongozi wa Bega akamfuata, na Bega, kazi yake imekwisha, akabaki barabarani anakwenda upande kwa upande, kutoka ukingo huu hadi ule, kwa sababu kwenda mbele kulikuwa kumemshinda. Wakapita wote. Yakapita magari. Kiongozi wake alishinda, akanyanyua mikono, akavishwa maua, watu wakaanza kuondoka, na kamera moja tu ilikuwa imebaki kwa Bega, anapanda peke yake kwenye ukungu.

"Akafika?" askari aliuliza.

"Alifika. Watu wanakunja vitambaa vya uzio. Wakasimama wakampigia makofi."

"Alhamdulillahi."

"Halafu wakamtoa mbioni. Kachelewa kupita muda. Sheria."

Wodi ililipuka. Fundi wa mabomba alisema huo ni uonevu mtupu. Askari alisema mtu kama yule angepewa medali. Mgonjwa mwingine, kichwa chote kimefungwa, alisema waamuzi wale wanahitaji kuchapwa.

"Hapana," Nondo alisema. "Muda ni muda. Mkimwachia yeye, kesho kila mtu atapanda anapumzika. Sheria ni sheria, hata kwa mtu mzuri."

"Wewe!" kaka mwenye jicho moja alipaza sauti kutoka kitanda cha tano. "Unajisikia lakini unachosema?"

Nondo aliutazama mkono wake uliofungwa kitandani. Halafu yule mdogo akaanza kucheka, cheko la mtu asiye na meno ya mbele, akashika mbavu, akawa anacheka na kuugulia, na kaka yake akamwambia nyamaza utaumia, nyamaza bwana, hata yeye mwenyewe kicheko kinamponyoka.

Muuguzi akaingia kuwatoa wageni. Mkewe Nondo akainamia kitanda akamnyooshea shuka, upande wenye mguu na upande usio nao, bila kumtazama usoni. Mama mkwe akakunja kitambaa chake.

"Kesho usinitegemee sana," alimwambia mkwewe. "Kesho ni tambarare. Watakwenda tu mashambani, hakuna kitu."

"Hayo mashamba ni ya nini?" Nondo aliuliza.

"Alizeti, nadhani."

"Njoo, Mama," alisema. "Njoo unisimulie hivyo hivyo."